Sebule Iliyofichwa na Nyasi

"Usiirushe ikiwa imekugeuzia uso," nilimwambia. "Ikikuangalia, kushoto kwako ni kulia kwake. Ndiyo maana umeibamiza."

Lenzi alisimama mlangoni pa karakana yangu ya redio, kakumbatia helikopta ya rimoti kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Mapanga yamevunjika, mkia umepinda. Mpiga picha wa harusi mzima, nywele zimejaa nyasi.

"Umejuaje, na sijakusimulia?"

"Wanaoanza wote huanguka hivyo. Unataka nini?"

"Nitengenezee, Fundi wangu."

"Fundi tu. Hilo 'wangu' uliliacha kwa baba yako."

Akaiweka helikopta mezani. Mimi naweza kusahau chungu motoni, neno silisahau. Miezi mitatu nyuma, siku ya posa, baba yake, nyapara mstaafu wa kiwanda, alikaa kwenye kiti chetu akasema ule uwanja nyuma ya kiwanda ulikuwa kichaka tangu zamani. Kichaka! Pale nilipozaliwa. Palikuwa na nyumba arobaini za vibarua, kiwanda kikazivunja kwa asubuhi moja nikiwa na miaka saba, kisha kikaandika kwamba hapajawahi kuishi mtu. Mama yangu alikufa akiitwa mwongo. Nikamgeukia Lenzi anitetee. Akasema, "Labda ni kumbukumbu za utotoni, zinachanganya." Nikavunja uchumba palepale.

"Ya nini helikopta?" nikamuuliza.

"Nataka kuupiga picha ule uwanja kutoka juu."

"Ukaone kichaka?"

"Nikaone tu. Nilisema kabla ya kuona."

Nilitaka kumfukuza. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshashika bisibisi.

Tukaanza moja. Nikaifungia miguuni vijiti viwili vya msalaba vyenye mipira kwenye ncha, isipinduke ikitua. Kila alasiri akaipandisha kimo cha goti, akaishusha.

"Simama nyuma ya mkia wake. Ukizoea, jiweke ndani yake, kwenye kiti cha rubani. Hapo hata ikikugeukia hupotei."

"Kumbe kosa langu ni kutazama kila kitu kutoka niliposimama mimi."

"Umeanza kuelewa. Na helikopta bado hatujaizungumzia."

Picha za kwanza zilitoka na ukungu, utadhani mji mzima una homa. Ulikuwa mtetemo wa injini. Nikakata sifongo ya mto wa kochi, nikailaza kamera juu yake na kuikaza kwa mipira ya kufungia madaftari. Tukaitegesha ipige picha yenyewe kila sekunde tano.

Kiangazi kilipokolea, akairusha juu ya uwanja. Ikapanda mpaka ikawa nzi. Ikarudi, ikatua kama jani.

Tukazifungua picha kwenye kompyuta.

Nyasi zilizoota juu ya misingi ya mawe zilikuwa zimekauka kwanza. Katikati ya kijani, mistari ya manjano: vyumba, milango, vichochoro. Mtaa mzima, nyumba arobaini, umechorwa ardhini na jua. Nilipita pale miaka ishirini na sita nisione kitu, kumbe nilikuwa naukanyaga.

"Safu ya tatu, nyumba ya mwisho, ni yetu," nikanong'ona. "Ile ngazi ya duara mama aliijenga kwa mikono yake."

Lenzi alikuwa analia. "Nisamehe."

"Kaseme mbele ya baba yako, uliposhindwa kunitetea."

Akachukua simu, akaandika: "Baba, njoo karakana ya Fundi. Leo, si kesho."

Nyapara akaja, akaweka fimbo ukutani, akainama kwenye kioo. Nikangoja matusi. Akavua kofia. Kidole chake kikatambaa mpaka safu ya tatu, kikasimama kwenye ngazi ileile.

"Hapa," akasema, "mwanamke alikuwa na uji motoni. Niliingia na buti. Akaniambia, vua viatu, hii ni nyumba. Nikamtoa kwa mkono wangu."

"Ni mama yangu."

"Najua, mwanangu. Nilijua siku ile ya posa. Niliogopa macho yako, ni yake."

"Baba," Lenzi akasema, "haya utayaandika na kutia sahihi. Ukikataa, leo ndiyo mwisho wa mimi kukuita baba."

Mzee akaomba kalamu.

Sikumsamehe mzee siku hiyo. Lakini Lenzi aliponiposa tena, nilimpa sharti moja: harusi ifungwe kabla mvua haijafuta mistari, sebuleni kwa mama.

Ikawa hivyo. Tulisimama ndani ya mstatili wa nyasi kavu, helikopta ikituzunguka juu, rimoti mkononi mwa Lenzi, ikipiga picha kila sekunde tano. Wageni wote waliingia kwa kupitia ukutani, kasoro mmoja. Nyapara alifika penye ngazi ya duara, akasimama nje ya mstari.

"Hodi," akasema.

Nikamwangalia.

"Karibu, baba," nikajibu. "Vua viatu."

Akavivua.