Keria ya Baiskeli Nne

"Panda wewe peke yako," Mama Pacha alisema. "Mimi na wanangu hatupandi."

"Punguza sauti, majirani wanasikia."

"Wasikie. Tena waje na viti. Keria yako imemvunja mdogo wangu mkono, leo wiki ya sita hawezi kushika hata kijiko. Halafu unataka uirudishe palepale, ufunge baiskeli zilezile, Jumamosi tuondoke. Una akili wewe?"

Mume wake alisimama katikati ya trela, kichwa kinakaribia kugusa dari. Watu walimwita Fundi Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi yake ilikuwa matangi makubwa ya nafaka. Wiki sita hapa, miezi minne kule. Trela ndilo lilikuwa nyumba yao. Ndani kulikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi na meza ya kukunja. Kazi ikiisha, pikapu inavuta trela, familia inahama. Na baiskeli nne zinahama nao, maana kila walikofika shule ilikuwa mbali na soko mbali zaidi.

Cheche aliinama. Akavuta gunia chini ya kitanda. Ndani ya gunia kulikuwa na kipande cha keria, kile chuma cha kubebea baiskeli nyuma ya trela, kimeshikana na kipande cha bampa la trela.

"Angalia huu mshono," alisema. Mshono ni pale chuma na chuma vinapoungana kwa moto. "Pitisha kidole. Haujaachia hata kidogo. Kazi yangu haina kosa. Lile tuta la barabarani ndilo baya. Na shemeji naye alitufuata karibu mno."

"Basi kamwambie hivyo."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mkono wake umevunjika, lakini mshono wako haujambo."

Nje, mabinti zao pacha walikaa kwenye ngazi ya trela. Walikuwa na miaka kumi na miwili. Walijifanya wanatengeneza mnyororo wa baiskeli. Mnyororo wenyewe haukuwa na shida yoyote.

Ilikuwa hivi. Siku ile walikuwa wanahamia hapa. Shemeji, mdogo wake Mama Pacha, aliwasindikiza kwa pikipiki. Alikuwa kinyozi, kijana wa maneno mengi, na alitaka awafikishe njia panda ndipo arudi. Walipopita tuta, keria ilichomoka na baiskeli zote nne. Zikalala barabarani mbele yake. Alikanyaga breki, lakini wapi. Alianguka juu ya vyuma, mkono wa kulia chini.

Na wao hawakujua. Trela ni pana, ukiwa kwenye pikapu huoni kilicho nyuma yake. Waliendelea kilomita kumi na moja kabla ya kusimama na kuona nyuma patupu. Njiani lori moja likaja linawawashia taa, linawawashia taa. Cheche alidhani dereva anamsalimia. Akampungia mkono.

Mpaka leo akikumbuka ule mkono wake ukipunga, anatamani aukate.

"Hodi humu," sauti ilisema mlangoni. "Nimekuja kuomba chumvi, lakini naona pilipili tu ndiyo imejaa."

Alikuwa jirani yao wa chumba cha ng'ambo ya ua. Alifanya kazi ya kukagua magari kama yanafaa kutembea barabarani. Watu walimwita Dada Mkaguzi. Hakuwa mtu wa kuzunguka na maneno.

"Karibu dada," Mama Pacha alisema. "Njoo umwambie huyu mume wangu. Mimi nimechoka."

Dada Mkaguzi aliingia. Akapokea kile kipande cha chuma, akakipeleka dirishani penye mwanga.

"Mshono mzuri," alisema.

"Si nilisema," Cheche alidakia.

"Mzuri mno. Ukishona gunia bovu kwa waya, waya utakatika?"

"Hapana."

"Nini kitachanika?"

"Gunia," Cheche alisema.

"Bampa hili ni bati lililokunjwa tu, fundi. Limewekwa ligongwe badala ya trela. Halikuwekwa libebe kitu. Wewe umelichoma moto mkali, pembeni ya mshono limekuwa dhaifu zaidi. Mshono umebaki, bampa limechanika kando yake. Baiskeli moja ina kilo ngapi?"

"Zile kubwa kama ishirini. Za watoto kumi na tano."

"Nne ni sabini. Na keria?"

"Ishirini na tano hivi."

"Karibu kilo mia. Umemning'iniza mtu mzima mnene nyuma ya nyumba yako, halafu ukamrusha kwenye matuta."

Mama Pacha alicheka kidogo. Kicheko kikakatika njiani.

"Lakini kwenye gari dogo watu wanabeba nyuma," Cheche alisema. "Nimeona kwa macho yangu."

"Njoo nje."

Walitoka wote. Dada Mkaguzi alijaza ndoo maji, akampa Cheche. "Ikumbatie kifuani." Akaikumbatia. "Nzito?"

"Kawaida."

"Sasa nyoosha mikono, ishike mbele yako."

Cheche alinyoosha. Mikono ikaanza kutetemeka. Dada Mkaguzi akamgonga kiwiko kwa ngumi. Maji yakamwagika, ndoo ikaanguka.

"Hilo lilikuwa tuta," alisema. "Maji ni yaleyale, ndoo ni ileile. Ila kitu kikikaa mbali kinavuta zaidi. Gari dogo, tairi za nyuma ziko karibu na keria. Trela hili, tairi ziko katikati, mkia mrefu umebaki nyuma. Tairi ikiruka kidogo, mkia unaruka sana. Ndiyo maana keria ya gari dogo haifai kwenye trela. Na uzito ukizidi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi pale trela linaposhikana na pikapu. Hukuona linayumba?"

"Lilikuwa linayumba," pacha mmoja alisema. "Tulimwambia baba keria inacheza."

"Nani kakuuliza wewe?" Cheche alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Dada Mkaguzi alikuwa bado na kile kipande. Alikigeuza pale kilipochanika. Akatoa msumari mfukoni, akakwangua ndani ya mchaniko.

"Hapa kuna rangi ya fedha," alisema.

"Bampa lote lina rangi ya fedha," Cheche alisema.

"Juu, sawa. Mimi naona rangi ndani ya chuma. Rangi imezama kwenye ufa. Maana yake ufa ulikuwepo kabla ya rangi." Akainua macho. "Nani alipaka rangi?"

Jirani wa mbali aliwasha redio, akaizima. Mama Pacha alimtazama mume wake kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Uliuona?" aliuliza.

Cheche alitazama ndoo chini.

"Baba Pacha. Uliuona ufa?"

"Ulikuwa mwembamba," alisema. "Kama unywele. Ilikuwa jioni ya kuamkia safari. Nilisema tukifika nitaushughulikia."

"Ukapaka rangi."

"Nikapaka rangi."

Mama Pacha hakupiga kelele tena. Afadhali angepiga. Aliingia ndani, wakasikia anakunja nguo za watoto, moja moja, kwa utaratibu. Cheche aliitambua hiyo sauti. Mama Pacha alikuwa anatenga nguo zake na za watoto pembeni.

Dada Mkaguzi alimrudishia chuma. "Ufa hauponi kwa rangi, fundi. Ukiona ufa, safari imekwisha hapo, mpaka utengeneze. Kesho natoka kazini saa tisa. Ukitaka, nitakuja."

"Nitakuwepo," Cheche alisema.

Kesho yake alikuwepo, lakini usiku hakulala. Alikata keria ya zamani yote. Keria aliyoijenga kwa siku mbili aliikata kwa dakika kumi.

Dada Mkaguzi alimlaza chini ya trela, mgongo juu ya gunia. "Unaona hivi vyuma viwili virefu, kimoja kushoto, kimoja kulia? Hiyo ndiyo chasisi. Ndiyo mifupa ya trela. Mzigo unashikwa na mifupa, haushikwi na ngozi. Na lile bati dogo mlangoni lenye namba, umewahi kulisoma?"

"Hapana."

"Miaka mingapi unaishi humu?"

"Saba."

"Kalisome. Linasema trela linabeba kilo ngapi. Kama bado hujui, muulize aliyelitengeneza au anayeliuza. Usikisie."

Walinunua keria dukani, ya trela hasa. Ilikuwa imeandikwa ubavuni: baiskeli mbili, mwisho kilo arobaini. Cheche aliisoma mara tatu. Kununua chuma kilichochomelewa na mtu mwingine kulimuuma, lakini alilipa. Waliifunga kwenye nondo nene ya mraba, na ile nondo wakaibana kwenye chasisi pande zote mbili. Walitumia bolti na vibano, bila kutoboa, bila kuchoma. Kazi nzima haikutoa hata cheche moja.

Baiskeli mbili za watoto zilikaa nyuma. Zile mbili kubwa zililazwa ndani, sakafuni, juu ya tairi za trela, zikafungwa zisiteleze. Sanduku la spana lilitoka nyuma likasogezwa mbele ya tairi.

"Ulifungia nini mara ya kwanza?" Dada Mkaguzi aliuliza.

"Mipira ya tyubu."

"Mpira unavutika. Kila tuta unalegea kidogo, mwisho unaachia. Chukua mikanda ya kubana, hii isiyovutika. Funga fremu, funga na magurudumu yasizunguke. Halafu mkanda mwingine mmoja utoke kwenye baiskeli uende kwenye chasisi. Keria ikishindwa, huo ndio utakaomwokoa aliye nyuma yako."

Cheche alifunga ule mkanda wa mwisho kwa muda mrefu kuliko mingine yote.

Pacha walisimama nyuma ya trela, kila mmoja na kazi yake. "Baba, kanyaga breki. Taa zinaonekana. Washa kushoto. Haionekani, pedali imeziba." Wakasogeza baiskeli. "Sasa inaonekana. Namba pia inaonekana."

Mama Pacha alitazama yote hayo kutoka kwenye ngazi. Jumamosi asubuhi alipanda pikapu, lakini alikaa nyuma na watoto. Kiti cha mbele kilibaki na mkoba wake.

Baada ya kilomita kumi Cheche alisimama. Alishuka, akatikisa keria kwa mikono miwili. Akakaza mkanda mmoja uliokuwa umelegea kidogo. Alisimama tena kituo cha mafuta, akakagua. Akasimama tena baada ya barabara mbovu, akakagua, akapitisha kidole kwenye kila bolti na kila kona, anatafuta ufa. Lori moja likamwashia taa. Alisimama papo hapo, akakimbia nyuma. Baiskeli zilikuwa palepale, zimetulia. Dereva wa lori alikuwa anamsalimia kweli. Cheche alikaza tena mkanda wa mwisho, ndipo akarudi kwenye usukani.

Walifika jioni, salama. Hakuna kilichoanguka, hakuna aliyeumia. Pacha walishusha baiskeli zao na kuzijaribu uani. Mmoja alicheka.

Walikuwa wamerudi kwenye mji uleule walioutoka siku ya ajali, na ndiko alikokaa shemeji.

"Unaenda peke yako," Mama Pacha alisema. Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia siku hiyo. "Na unamwambia yote."

Chumba cha shemeji kilikuwa nyuma ya duka lake la kunyolea. Sasa ukutani kwenye duka palikuwa na karatasi: Duka Linapangishwa. Mlango wa chumba ulikuwa wa chuma. Cheche aliuchomelea yeye mwenyewe mwaka juzi, zawadi ya shemeji kuanza maisha.

"Aah, shemeji," kijana alisema kutoka kitandani. "Ingia. Angalia kiti hicho, mguu mmoja mbovu. Kama mkono wangu."

Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya mto. Vidole vimevimba, viwili haviinuki. Mezani mashine ya kunyolea ilikuwa imefungwa waya wake vizuri, kama kitu kinachosubiri kuuzwa.

"Daktari anasemaje?"

"Anasema nishukuru mkono upo."

Cheche hakukaa. Alijua akikaa hatasema.

"Shemeji, nilikuwa nasema ni tuta. Na kwamba ulitufuata karibu. Si kweli. Nilifunga mzigo mkubwa pasipofaa. Na bampa lilikuwa na ufa tangu jana yake. Niliuona kwa macho yangu. Nikaupaka rangi. Lori liliponiwashia taa, nikalipungia mkono. Wewe uko chini, mimi napunga mkono."

Kijana aligeuza uso, akatazama ile mashine mezani.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Ya fedha."

"Ilikaa vizuri?"

"Ilikaa."

"Baiskeli zimefika leo?"

"Zimefika. Nimefunga kwenye chasisi. Jirani alinifundisha."

"Vizuri. Watoto watawahi shule."

Alijaribu kuvuta shuka kwa mkono wa kushoto. Shuka likakwama chini ya mguu. Cheche alinyoosha mkono amsaidie.

"Acha," kijana alisema. "Acha, fundi."

Tangu Cheche amwoe dada yake, miaka kumi na mitatu, kijana hakuwahi kumwita fundi. Siku zote alikuwa shemeji.

Cheche alirudisha mkono. Akatoka nje, akaurudisha ule mlango wa chuma taratibu, ukajifunga sawasawa, haukulia hata kidogo.