Kurasa Nne za Mwisho

Saa 2:10 asubuhi.

"Dirisha la mashariki la maktaba halifungiki," alisema Ludlam. "Nimefanya kazi mle miaka tisa. Najua."

Walikuwa watatu, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha chapa, London, baridi ya mwaka 1911. Pettifer, mwenye kiwanda, mapafu yake yalikuwa yameoza. Winifred Gedge, mjalidi wa vitabu, alikuwa na mikono ya seremala. Ludlam alikuwa karani wa maktaba ya Bwana Wraye, hadi alipofukuzwa.

Walitaka kitabu kimoja. Mchezo wa kuigiza wa miaka mia tatu nyuma, nakala pekee iliyosalia. Paa la Wraye lilivuja, maji yalikuwa yanakila. Pettifer aliandika barua kumi na moja akiomba akichape upya. Wraye alijibu moja: heri kioze kuliko kusomwa na wauza samaki.

"Tunakichomoa, tunapiga picha kurasa arobaini, tunakirudisha kabla ya saa kumi," alisema Pettifer.

"Mwizi anayerudisha!" Winifred alicheka. "Mama angenikana mara mbili."

"Daktari kanipa hadi Pasaka, binti. Ni leo."

Saa 4:25.

Wraye alikuwa mazishini. Winifred aliruka dirisha, akakikuta kitabu rafu ya chini. Kilinuka uyoga. Pembe moja ilimbakia kidoleni kama mkate uliolowa. Akakificha ndani ya koti, kifuani, akatoka.

Langoni Ludlam alikuwa anatoka jasho, na barafu ilikuwa imetanda barabara nzima.

Saa 5:40.

Kamera ilisimama chini ya paa la kioo. Winifred aligeuza kurasa kwa kisu chembamba, Pettifer akapiga.

"Nikalete mikate ya nyama," alisema Ludlam.

Hakurudi. Walipofika ukurasa wa ishirini na nane, Winifred akachungulia barabarani. Ludlam alikuwa anawaonyesha askari sita mlango.

"Mzee. Katuuza."

"Geuza ukurasa."

Saa 7:15.

Winifred alisukuma kabati la herufi za chapa mlangoni. Ngumi zikaanza.

"Mzee, fungua tu!" Ludlam aliita kutoka nje. "Wraye kanirudishia kazi. Wanangu hawajaota moto tangu Novemba!"

Pettifer alikohoa damu kwenye mkono wa shati, mbali na karatasi. "Thelathini na tano. Geuza."

Shoka likatoboa mbao.

"Thelathini na sita. Basi. Chukua vioo vya picha, panda juu."

"Na wewe?"

"Kwa mapafu yapi? Nenda!"

Winifred alivunja kioo cha paa kwa kiwiko, akapanda, kasha la vioo vya picha mgongoni. Mlango ukaanguka, askari mmoja akamdaka kifundo cha mguu. Akampiga teke la meno. Alikimbia juu ya mapaa, damu ikimchuruzika hadi vidoleni.

Chini, Pettifer alikilalia kitabu. "Msikishike kwa glavu zilizolowa, washenzi!" Rungu likamnyamazisha. Alifia mahabusu kabla ya kesi.

Winifred alichapa nakala mia mbili huko Leeds, kwa jina la Pettifer. Mchezo unakatika ukurasa wa thelathini na sita, mfalme akiwa bado hajui nani kamtilia sumu.

Nakala moja alimtumia Ludlam, bila barua. Aliisoma amesimama, katikati ya maktaba ya Wraye, funguo mfukoni. Alipofika mwisho alikwenda rafuni, akakitoa kile kitabu cha zamani, ambacho askari walikuwa wamekirudisha, ili anakili kurasa nne zilizobaki.

Zilikuwa zimegandana, nyeusi, donge moja. Aliingiza ukucha azitenganishe. Zikamvunjikia mkononi.