Mbao za Kizimba

Kopo la gundi liliandikwa kwamba mbao zibanwe kwa siku nzima, lakini Barafu alipomaliza chai yake na kurudi kibarazani, sanduku la kwanza la spika lilikuwa limeshikana kana kwamba limechongwa kutoka kwenye gogo moja. Akalivuta huku na huku. Akaligonga kwa ngumi. Lilitoa mlio mzito, mfupi, kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kusema.

"Mbao nzuri sana hizi," akamwambia mkewe.

"Umezitoa wapi?"

"Kabati la zamani. Watu walikuwa wanatupa."

Jina la Barafu alipewa na watu wa mtaani kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza majokofu na mitambo ya kupoza hewa. Mkewe alifundisha shule ya msingi, na hata nyumbani aliitwa Mwalimu. Mtoto wao wa pekee alikuwa chuoni, mbali. Waliobaki ndani ya nyumba ile ndogo ni wao wawili na mama yake Barafu, ambaye masikio yake yalikuwa yameziba kwa miaka sita, kiasi kwamba ukitaka kumwambia chakula kiko tayari, ilibidi na jirani ajue.

Spika zilikuwa kwa ajili yake. Mama alipenda filamu, lakini alikuwa akitazama midomo ya watu kwenye runinga na kujitungia maneno mwenyewe, halafu anakasirika mwisho ukija tofauti. Barafu akaamua kumtengenezea sauti ambayo hata ukuta ungeisikia. Sebule yao ilikuwa hatua nne kwa tatu na nusu. Akachora kwenye karatasi: spika moja kila upande wa runinga, moja chini yake kwa ajili ya mazungumzo, mbili ndogo nyuma ya sofa, na sabufa kwenye kona ya nyuma ya mlango.

"Kwa nini usinunue tu?" Mwalimu alimuuliza.

"Za dukani zimetengenezwa kwa watu wenye sebule. Sisi tuna kichochoro chenye sofa."

Alichokuwa hajamwambia ni kwamba mbao zile hazikuwa za kabati. Wiki mbili nyuma alikuwa akifunga mtambo wa kupoza hewa kwenye jengo la mahakama ya zamani lililokuwa likikarabatiwa, na mafundi wengine wakang'oa kizimba cha mashahidi na kukitupa uani. Mbao zilikuwa nene, nyeusi, zimelainishwa na viganja vya watu wengi, hazina hata tundu moja la mdudu. Aliziomba, akapewa. Hakuona haja ya kueleza. Watu wana mawazo yao kuhusu vitu vya mahakamani.

Siku ya Jumamosi alifunga spika tatu za mbele. Jioni wakawasha filamu, na Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa akilalamika juu ya vumbi la msasa, akakiri kwamba ilikuwa kazi safi. Mtu akitembea kwenye filamu ungedhani anakatiza juu ya zulia lako. Ila kulikuwa na harufu. Mwalimu aliifananisha na karatasi zilizolowa, na jasho la mtu aliyekaa muda mrefu akisubiri kuitwa.

"Ni gundi," Barafu akasema.

"Gundi haitoi jasho."

Mama hakuwa akitazama runinga. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anaangalia nyuma ya sofa, ambako zile spika mbili ndogo zilikuwa zimewekwa chini, waya wake ukiwa bado umekunjwa kwenye mfuko.

"Ndiyo," Mama akasema kwa upole, kama anayemjibu mtu. "Nimekusikia. Endelea."

Mume na mke wakatazamana. Barafu akamshika mama yake bega, akamuuliza kwa kupaza sauti anaongea na nani. Mama akamtazama midomo, akatabasamu kidogo, akageukia tena nyuma ya sofa.

Tangu siku hiyo Mama akahamisha kiti. Akakigeuza kikatazamana na spika za nyuma, na kila akitoka chumbani asubuhi alikaa pale mpaka chakula cha jioni. Filamu hakuzitaka tena. Barafu alipoziunganisha spika zile, Mama hakuona tofauti yoyote, na jambo hilo ndilo lililomsumbua Barafu kuliko mengine.

Jumanne mchana Mwalimu alikuwa peke yake mezani akisahihisha madaftari. Mama alikuwa amesinzia kitini. Runinga ilikuwa imezimwa. Kalamu yake ilikuwa juu ya hesabu ya mtoto mmoja aliposikia sauti ya mumewe, chini kabisa, ikitokea upande wa kushoto wa runinga, sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe njiani.

"Siku moja nitatoka na mkoba wa vifaa nisirudi. Mama nitamwachia Mwalimu. Anamuweza kuliko mimi."

Mwalimu aliiweka kalamu chini. Kisha akainuka, akatoka nje kuangalia kama Barafu amerudi. Hakuwa amerudi. Alipompigia simu, alikuwa juu ya paa la ghala moja, upande wa pili wa mji, na upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu.

Jioni ile, Barafu alipokuwa akioga, Mwalimu aliufungua mkoba wa vifaa. Chini ya koleo na mita ya umeme akakuta shati safi lililokunjwa na mswaki. Barafu alikuwa na desturi ya kubeba shati la kubadilisha, hilo alilijua miaka yote. Mswaki hakuujua. Akarudisha kila kitu kilivyokuwa, akafunga zipu polepole.

Barafu naye yalimfika Alhamisi. Alirudi mapema, akakaa sebuleni kufungua viatu. Mwalimu alikuwa bado shuleni. Spika ya kulia ikamwambia, kwa sauti ya mkewe, sauti ya uchovu aliyoijua vizuri:

"Angetangulia tu, jamani. Angelala siku moja asiamke, nami nikapumua."

Kiatu kilimponyoka mkononi. Akamtazama mama yake. Mama alikuwa macho, ameinamisha kichwa upande wa spika, anaitikia kidogo kidogo, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari aliyokwisha kuijua. Na hapo Barafu akaona kitu ambacho alipaswa kukiona siku tatu nyuma. Mama alikuwa amekonda. Sahani yake ya mchana ilikuwa mezani, haijaguswa.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa na watu wawili wanaochungana. Barafu alikuwa akionja chakula cha mama yake kabla hajampelekea, akijidai anaangalia chumvi. Alihesabu vidonge vya presha asubuhi na jioni. Mwalimu alimwona akihesabu. Mwalimu naye kila usiku aliuficha ufunguo wa mlango wa mbele ndani ya mkoba wake wa madaftari, na Barafu akajua kwamba umefichwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake alichosikia. Kila mmoja aliona akisema, mwenzake atajua kwamba ameshtukiwa, na atajipanga upya. Waliongea kuhusu umeme, kuhusu mvua, kuhusu bei ya sare za shule. Harufu ya karatasi zilizolowa ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia.

Jumapili jioni, saa kumi na mbili na robo, umeme ukakatika mtaa mzima. Mwanga uliobaki ni ule wa dirishani. Mwalimu alikuwa ameshika sahani ya Mama, Barafu akaishika upande wa pili.

"Niachie nimpelekee mimi," Barafu akasema.

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Sema, mume wangu. Unadhani nimeweka nini humu?"

"Nimekusikia kwa masikio yangu ukimtakia mama yangu kifo."

Mwalimu akaiachia sahani. "Na mimi nimekusikia ukisema utanitupia mimi huyu mama uondoke zako. Na mswaki nimeuona."

"Sijawahi kutamka hivyo."

"Hata mimi sijatamka."

Hapo hapo, bila umeme, bila taa hata moja kuwaka kwenye amplifaya, sabufa iliyokuwa nyuma ya mlango ikaanza kunguruma chini chini mpaka vijiko vikatetemeka mezani, halafu spika ya kushoto ikasema kwa sauti ya Barafu nitatoka nisirudi, na ya kulia ikasema kwa sauti ya Mwalimu angelala asiamke, zikarudia, zikapishana, zikakimbizana kuzunguka sebule ile ya hatua nne kwa tatu na nusu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, huku wenye sauti wamesimama midomo imefungwa, wanatazamana midomo kama Mama alivyozoea kuwatazama, na Mama mwenyewe kwenye kiti chake akiitikia ndiyo, ndiyo, nimesikia, mpaka Mwalimu akamwona machozi yakimshuka shavuni na akaelewa kwamba kwa siku nane mwanamke yule, ambaye hakusikia hata mlango ukigongwa, alikuwa akisikia hayo na hayo tu.

Wakamnyanyua na kiti chake, wakalala wote watatu kwa jirani.

Jirani ndiye aliyewaelekeza kwa fundi viatu wa kule sokoni. Watu walimjua kwa kazi yake ya pili, ya kutoa pepo, ambayo hakuiandika kwenye kibao. Alikuja Jumatatu asubuhi akiwa na aproni yake na mkebe wa misumari, akaingia sebuleni peke yake, akaweka kiganja juu ya kila sanduku, kisha akawaita.

"Mbao hizi zilikuwa nini?"

"Kabati," Mwalimu akasema.

Fundi viatu akamtazama Barafu. Barafu akakohoa. "Kizimba cha mashahidi. Cha mahakama ya zamani."

Mwalimu aligeuka akamwangalia mumewe.

"Basi nimeelewa," fundi viatu akasema kwa sauti ya chini. "Aliyemo humu amesimama na watu waliokuwa wakiapa, miaka na miaka. Amezoea kusikia lile ambalo mtu analimeza. Hatungi uongo huyu. Anachukua kilichopita moyoni mwako, hata kama kimepita mara moja tu, hata kama ulikifukuza, anakitoa nje. Hafukuzwi kwa fimbo wala kwa moshi. Kila mmoja akisema chake kwa mdomo wake, anakosa kazi, anaondoka."

"Mbele ya Mama?" Barafu akauliza.

"Mbele ya nani tena?"

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono ya mama mkwe wake, akasogeza uso ili midomo yake ionekane vizuri. Akasema kwamba ndiyo, siku moja, usiku wa homa, baada ya kubadilisha mashuka mara nne, wazo lile lilimpitia. Akasema alilia baada ya hapo. Hakujitetea zaidi.

Spika ya kulia ikapasuka kwa urefu, kwa sauti kavu, kama ukucha.

Mama alimfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Mwanangu," akasema, "hilo hata mimi nimeliwaza, kabla yako. Ndiyo maana niliacha kula. Nilidhani tumekubaliana."

Mwalimu alimkumbatia mama yule wakalia pamoja. Fundi viatu akasubiri, kisha akamwelekea Barafu.

Barafu alikuwa amesimama kando ya runinga. Alimwangalia mama yake, akamwangalia mkewe, akayaangalia macho ya fundi viatu. "Mimi sijawahi kuwaza vile," akasema. "Mswaki niliuweka kwa ajili ya kazi za kulala nje. Sauti ile haikuwa yangu."

Spika ya kushoto haikupasuka. Ila ngurumo ya sabufa, iliyokuwa ikiendelea chini chini tangu usiku, ikakatika ghafla, na harufu ikapotea kama dirisha limefunguliwa. Barafu akajishika koo, akakohoa mara mbili, akaomba maji.

"Una uhakika?" fundi viatu akamuuliza.

"Nina uhakika."

Fundi viatu aliendelea kumtazama kwa muda, kisha akaanza kukusanya vitu vyake. Masanduku yote sita wakayabeba uani, wakayavunja kwa shoka, wakayachoma mpaka yakawa majivu. Wakati wa kuondoka fundi viatu alimshika Mwalimu mkono mlangoni, akawa kama anataka kusema jambo, halafu akasema tu awe anamwangalia mwenzake.

Mambo yakatulia. Mama akarudi kwenye uziwi wake na filamu zake, akaanza kula, akawa anamtania Mwalimu kuliko zamani. Barafu naye alibadilika kwa uzuri. Alirudi nyumbani mapema, akajifunza kubadilisha mashuka, akautupa mswaki ule mbele ya mkewe. Alinunua spika moja ndogo ya dukani, ya plastiki, na hakuna aliyelalamika kuhusu sauti yake.

Miezi miwili baadaye, jioni moja, walikuwa wote sofani. Filamu ilikuwa ya kuchekesha. Mama alikuwa akicheka na kupiga paja. Mwalimu, ambaye siku nyingi hakuwa amefanya hivyo, akajinyoosha akalaza kichwa chake juu ya kifua cha mumewe. Barafu akamzungushia mkono. Moyo ulikuwa ukidunda taratibu, na joto lake lilikuwa lile lile alilolizoea kwa miaka ishirini, akafumba macho.

Ndipo sauti ya mumewe ikasema, wazi, karibu kabisa na sikio lake, kutoka ndani ya mbavu:

"Bado siondoki. Waache wazoee kwanza."

Mwalimu hakushtuka. Aliinua kichwa polepole, akamtazama Barafu usoni. Barafu alikuwa akiiangalia filamu, akitabasamu, mdomo wake umefungwa.