Mwokaji na Sukari ya Mama Kijacho

Mwokaji alikuwa mtu wa furaha, na kitambi chake kilimtangulia mlangoni. Tangu mkewe apate mimba, hakurudi nyumbani mikono mitupu. Leo keki, kesho biskuti.

"Kula, mama kijacho! Mko wawili humo."

Mkewe, fundi cherehani, alicheka na kula. Angekataaje? Mtoto huyu walimngoja miaka mingi, hadi majirani wakachoka kuwauliza.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, kiu ikamshika. Alikunywa maji, akaenda chooni, akarudi, akanywa tena. Akitunga uzi kwenye sindano, anaona ukungu. Mumewe akamwonea huruma, akawa anamletea sharubati, tena tamu kweli kweli. Loo! Mapenzi nayo yana upofu wake.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Mkunga akapima damu, akarudia kipimo.

"Sukari imepanda, dada. Hiki ni kisukari cha mimba."

Fundi akashika tumbo. "Mwanangu je?"

"Moyo wake unapiga vizuri. Tumewahi."

Mwokaji akaruka kitini. "Ni keki zangu! Nimemlisha mke wangu sumu!"

"Kaa, baba. Si keki peke yake. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hutoa homoni. Homoni hizo huizuia insulini isifanye kazi sawasawa."

"Insulini ndiyo nani?"

Mkunga akacheka. "Ndiyo inayoifungulia sukari mlango, itoke kwenye damu iingie mwilini, ikupe nguvu. Ukiwa na mimba, mlango huo huwa mzito. Wengi miili yao huongeza insulini. Wengine miili hushindwa, sukari ikabaki kwenye damu. Keki na sharubati zikiongezwa hapo, mambo huharibika."

"Yakiharibika inakuwaje?" fundi akauliza.

"Mtoto anaweza kuwa mkubwa kupita kiasi, kuzaliwa kukawa na shida. Akishazaliwa, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Na wewe presha inaweza kupanda."

"Basi sili tena!"

"Thubutu! Kujinyima chakula si dawa. Kula kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Mboga, maharage, mayai, na wanga kwa kiasi. Kunywa maji, acha sharubati. Ukishakula, tembea. Pima sukari kama nitakavyokuonyesha. Isiposhuka, tutakupa dawa au sindano ya insulini, na hilo si aibu."

Kuanzia siku hiyo, mwokaji aliacha keki dukani. Nyumbani alileta mayai ya kuchemsha, ameyafunga utepe wa keki za harusi. Fundi alicheka mpaka mtoto akampiga teke. Kila baada ya chakula cha jioni walizunguka mtaa wakiwa wameshikana mikono.

"Na wewe una miezi mingapi?" jirani mmoja mwenye duka alimtania mwokaji.

"Mimi nasindikiza tu!"

Sukari ikashuka, na kiu ikaisha. Mwezi wa tisa akazaliwa binti, kilo tatu na kidogo, sauti kama king'ora. Walimpima sukari, ikawa nzuri. Wageni wakamsifia mtoto, mwokaji akatamba: "Vyaelea, vimeundwa!"

Wiki ya sita, fundi alirudi kliniki kupimwa tena. Sukari ilikuwa ya kawaida.

"Hongera," mkunga akasema. "Lakini usijisahau. Aliyepata kisukari cha mimba anaweza kupata kisukari baadaye. Uwe unakuja kupimwa kila mwaka, na mimba nyingine ikija, tuambie mapema."

Jioni, mwokaji akatoa kipande cha keki, chembamba kama kitambaa. Fundi akakigawa, akampa nusu. Wakala polepole, wakitazamana kama maharusi. Kisha fundi akambeba binti yake, akavaa ndara.

"Haya, inuka tutembee."

"Si umeshajifungua, mke wangu?"

"Inuka! Suruali yako nimeipunguza kiuno mara mbili. Sitaki kurudi kuifumua."