Petroli ya Mchungaji

Mchungaji alikaa kando ya cherehani, fomu ya kodi mapajani. Mkewe, fundi wa nguo, alikuwa akimpima gauni jirani yao, ofisa wa kodi.

"Petroli ya pikipiki inanimaliza," mchungaji alisema. "Wagonjwa wa ng'ambo ya mto sijawaona miezi miwili."

Mkewe alitoa pini mdomoni. "Kuna jambo silielewi. Mimi nikijaza fomu yangu, natoa kwanza gharama za uzi na vitambaa. Kodi nalipa kwa faida. Mbona petroli yako haitolewi?"

"Mimi ni mtumishi wa Mungu, si mfanyabiashara."

"Lakini petroli hununui kwa Mungu."

Jirani alicheka, pini ikamchoma begani. "Taratibu, fundi. Mchungaji, petroli unapewaje?"

"Mhazini wa kanisa ananiongezea kiasi kwenye mshahara. Kikibaki, changu. Kikipungua, shauri yangu."

"Ndiyo maana. Hapa kwetu, pesa unayopewa bila kuonyesha matumizi ni kipato, inakatwa kodi kama mshahara. Lakini ukiandika safari za kazi, ukatunza risiti, kanisa likakurudishia ulichotumia, hicho si kipato chako. Ni gharama ya kanisa."

"Hata safari ya kutoka nyumbani hadi kanisani?"

"Hiyo ni yako, kama mwalimu anavyokwenda shuleni. Kumtembelea mgonjwa ndiyo kazi. Kwingine sheria huenda ni tofauti, kwa hiyo ni vizuri kuuliza."

"Na bahasha za harusi?" mkewe akauliza.

Mchungaji alimkata jicho. "Sadaka haitozwi kodi."

"Sadaka ya kapuni ni ya kanisa," jirani alisema. "Ile unayopewa mkononi kwa kufungisha ndoa ni malipo ya kazi yako. Iandike."

Mchungaji aliikunja fomu, akaikunjua. "Sijawahi kuziandika," alisema kwa sauti ya chini.

"Njoo ofisini turekebishe fomu zako za nyuma. Kuja mwenyewe ni afadhali kuliko kuitwa."

Jumatatu alikwenda, mkewe kando yake. Alilipa kodi ya bahasha za nyuma, na ilimuuma. Kisha akaomba kukutana na wazee wa kanisa. Walimuuliza maswali mengi, wakakubali: petroli isichanganywe tena na mshahara. Mchungaji angeandika daftarini tarehe, alikokwenda na umbali, naye mhazini angemrudishia gharama kwa risiti.

Mwezi huo mshahara wake ulikatwa kodi kidogo kuliko zamani. Na kila Alhamisi pikipiki ilivuka mto. Mgonjwa mmoja, bibi mwenye maneno mengi, alimwambia, "Nilidhani umeokoka ukatuacha sisi wenye dhambi."

Baada ya harusi iliyofuata, bwana harusi alimpa bahasha.

"Hii ni ya kanisa au yangu?" mchungaji aliuliza.

"Yako, Mchungaji. Kwani kuna tofauti?"

"Ipo. Keti hapa kidogo nikueleze."

Bwana harusi alivuta kiti. Bibi harusi naye akavuta chake.