Jivu Lililochekechwa

Hakukuwa na maiti. Kulikuwa na chupa ya jivu, na jivu lililokuwemo silo.

"Limebadilishwa," alisema Eveline Mligo, mkemia wa mradi wa mazingira pale Njombe. Alichovya waya kwenye jivu, akaupitisha motoni. Mwali ukawa wa njano. "Juzi ulikuwa wa kijani. Kijani ni shaba. Hili halina shaba hata chembe."

Inspekta Bashiru alipuliza viganja. Ilikuwa Julai, na Njombe ya Julai haina masihara.

"Nani aibe jivu, dada? Tangu soko huria lije, wezi wanataka betri za magari."

"Lilitoka Makambako, kwa Mansoor. Anachoma nyaya kuukuu apate shaba, nasi tunapima kama jivu lake lina sumu." Alimwonyesha bomba la kioo lililopita katikati ya tanuru dogo. "Tunalipasha humu, nyuzi mia tatu, huku tunapitisha hewa polepole. Hewa ikitoka inaingia kwenye chupa ile iliyo kwenye barafu, sumu inanaswa. Watu hudhani sumu inatoka kwenye moto mkali. Wapi! Moto mkali huiunguza. Inazaliwa jivu linapopoa, shaba na masalia ya plastiki yakiwa pamoja."

"Mkiipata?"

"Mansoor anafungiwa."

Basi, mwizi alishajulikana. Inspekta akapanda Landrova hadi Makambako, akamkuta Mansoor kule Lyamkena anapima vyuma chakavu.

"Jivu umeliiba wewe."

"Astaghfirullahi! Afande, niibe jivu langu mwenyewe? Lundo lile pale nyuma. Mkitaka, leteni lori."

Inspekta akalitazama. Lilimfika kifuani, limejaa vipande vya waya. Anayetaka kuficha jivu angeanza na lundo, siyo na chupa.

"Nani mwingine analichukua?"

"Akina mama. Nawapa bure. Wanachanganya na maharage, eti linaua wadudu kuliko jivu la kuni."

Bashiru alikuwa ameoa Mbena, mwenyeji wa hapo Njombe. Kwake kila msimu mkewe huchekecha jivu la jikoni, akalichanganya na maharage yasibunguliwe. Aliporudi Njombe alimwaga ile chupa juu ya karatasi. Jivu lilikuwa laini kama unga. Ndani yake palikuwa na ganda la harage lenye tundu.

"Nani ana ufunguo wa maabara?"

"Mimi na Fidelia, mhudumu wetu," alisema Eveline. "Amefiwa juzijuzi, maskini."

Fidelia alikuwa anapangusa meza za nje. Hakushtuka.

"Kamwene, mama," Inspekta alimsalimu kwa Kibena.

"Kamwene."

"Chupa umeibadilisha wewe?"

"Ndiyo. Nilitia jivu la jikoni kwangu."

"Mansoor alikupa nini?"

"Mansoor hata hanijui."

"Sasa kwa nini?"

Aliendelea kupangusa palepale palipokwisha kutakata.

"Mwanangu Lulu alitoka vipele, akakonda, akafa. Hospitalini walisema malaria. Hiyo naiweza, malaria ni mipango ya Mungu. Lakini jivu la Mansoor nililichukua mimi, nikayatia maharage mimi. Hilo bomba lenu likisema lina sumu, basi mwanangu nimemlisha mimi."

"Fidelia," Eveline alisema taratibu, "bomba haliwezi kujua kilichomuua mtoto. Linajua jivu tu."

"Kwangu ni yaleyale."

Inspekta alitaka kumhurumia, huruma haikuja. Alisikia baridi tu, na aibu kidogo kwa kusikia baridi.

"Na maharage yenyewe yako wapi?"

"Nyumbani. Amon anayala, mdogo wake Lulu."

Eveline akashika mdomo. Inspekta alikuwa ameshachukua funguo za gari.

"Mama, mpaka leo unampikia hayo hayo?"

Fidelia alikamua kitambaa, maji meusi yakatiririka ndooni. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nikiacha kuyapika, afande, si nitakuwa nimeshakubali?"