Mke wa Fundi Ndani ya Gemu

"mume wangu, uko wapi? nimekwama darajani. niite."

Ujumbe huo, wenye jina la Malkia Umande juu yake, uliwaka kwenye simu ya Fundi, iliyokuwa imelazwa kwenye meza ya keki, kando ya bakuli la krimu. Mwenye simu alikuwa amejibanza nyuma ya friji kubwa ya duka, kichwa ndani, makalio nje, akihangaika na mota iliyokuwa ikikoroma tangu asubuhi. Aliyeusoma ni mchumba wake, Mpambaji, aliyekuwa akimalizia ua la mwisho kwenye keki ya harusi ya watu wengine. Ua likatoka limepinda.

"Fundi," akaita.

"Naam, mpenzi."

"Mke wako amekwama darajani."

Nyuma ya friji spana ikaanguka sakafuni.

"Hiyo ni gemu tu," Fundi akasema, bila kutoa kichwa.

"Sijakuuliza ni nini. Nakuuliza ni nani."

 Fundi akajitokeza, vumbi usoni, kijasho chembamba kikimtiririka, na badala ya kujibu akaanza kufuta mikono kidole kimoja kimoja kama mtu anayetafuta maneno ndani ya kitambaa.

"Siwezi kukwambia. Nimeapa. Niamini tu."

Hebu niambie wewe unayesoma, ungeamini? Harusi ilikuwa imekaribia, kadi zimeshagawiwa, pete iko kidoleni, na mwanamume anakwambia ana mke mahali fulani lakini usijali. Mpambaji alirudi kwenye keki yake. Hakulia, alijikaza kisabuni, lakini kila ua alilopamba siku ile lilibidi likwanguliwe lianze upya.

Tena hilo halikuwa la kwanza. Baba yake Fundi, mwalimu wa udereva aliyestaafu, Mpambaji hakuwahi kumtia machoni. Fundi alimsifu mzee wake asubuhi na jioni, jinsi alivyofundisha nusu ya mji kushika usukani bila kumpandishia mtu sauti. Lakini Mpambaji akiomba kupelekwa kumsalimu, jibu lilikuwa lile lile, mzee hajisikii vizuri, tuvute subira. Mpambaji alishangaa, maana mgonjwa ndiye hasa anayetembelewa. Sasa alianza kuunganisha mambo. Huku hapelekwi kwa baba mkwe, kule kuna mke. Pengine aliyefichwa ni yeye.

Akamwendea dada yake, msusi, mwenye saluni yake na maoni yake. Dada alimsikiliza huku anasuka kichwa cha mteja, na mteja naye akasikiliza kwa nguvu zote.

"Ingia humo humo kwenye gemu," dada akasema. "Umshike kwa mikono yako."

"Sijui hata pa kuanzia."

"Hata huyo mke kuna siku alikuwa hajui."

Gemu lenyewe, jinsi lilivyoandikwa juu ya ujumbe ule, liliitwa Falme za Moshi. Watu wamo humo miaka na miaka, wana majumba, farasi, vyeo na uadui wa zamani, na kila mmoja anazungumza kana kwamba wewe pia ulikuwepo. Mpambaji aliingia wakati wa mapumziko ya mchana, ameketi juu ya gunia la unga. Alitakiwa achague sura. Alikuwa bado anatafuta mahali pa kubadilisha nywele akabonyeza "Endelea" kwa bahati mbaya, akatoka mwanamume mfupi mwenye ndevu na shoka. Akaulizwa jina. Akatazama rafu iliyokuwa mbele yake, akaandika Sukari Guru.

Akajikuta kijijini. Akamsogelea bata ili amtazame vizuri, bata akamdonoa, akamdonoa tena, na dunia ikageuka rangi ya majivu. Mpambaji akadhani kumekucha au kumekuchwa, basi akaendelea na safari. Akamsalimia mpita njia, hakujibiwa. Akamuuliza mlinzi wa lango, kimya. Akazunguka kijiji kizima akiuliza daraja liko wapi, watu wakawa wanampita kama hayupo. Akasema moyoni kwamba watu wa huku wana majivuno hawana mfano.

Ndipo akatokea mwanamke mrefu mwenye joho jeupe, akainua fimbo, rangi zikarudi. Maandishi yakajipanga:

"umekufa, ndugu. ndiyo maana hawakujibu. bata huyo huua wageni wote."

Juu ya kichwa cha mwanamke yule kulikuwa na jina. Malkia Umande.

Mpambaji akalisoma jina mara mbili. Aliyemtafuta ndiye amemfufua, na aliyekuja kwa shari sasa anadaiwa asante. Akaandika asante.

Kuanzia hapo mambo yalimvuruga zaidi. Malkia Umande alimfundisha kila kitu, polepole, kwa maneno machache yasiyo na herufi kubwa. Namna ya kushika shoka, namna ya kulala porini bila kuibiwa viatu. Mpambaji akikosea, na alikosea kila alipogusa, hakuchekwa. "taratibu," Malkia aliandika. "rudi nyuma kidogo. uanze tena." Na kila walipotoka kijijini aliongeza neno moja lisiloeleweka: "tazama kioo kwanza." Mpambaji alitafuta kioo begani, mfukoni, kwenye begi la farasi, hakukiona. Akanyamaza, akihofia kuonekana mshamba.

Malkia akamwingiza kwenye kikosi chake, na kiongozi wa kikosi, amevaa ngozi ya simba, alikuwa Radi Kavu. Mpambaji aliijua namna ile ya kuandika, ile ile iliyomtakia usiku mwema kila siku. Fundi wake.

"Karibu, kijana," Radi Kavu akamwandikia. "Kanuni yetu ni moja. Hapa hatuulizani habari za nje."

Kijana. Mpambaji nusura aitupe simu kwenye krimu.

Siku nyingine walikuwa wanavuka daraja la kamba, Malkia akabaki nyuma, anasitasita, anagonga nguzo. Radi Kavu hakumwambia aharakishe. Mwanga ukawaka, na Malkia akatokea ubavuni mwake. Wana kikosi wakamweleza Sukari Guru kwamba ni wanandoa tu wanaoweza hivyo, kuna kitufe kinaitwa Mwite Mwenza, mmoja akikwama mwenzake anamvuta popote alipo. Na Radi hajawahi kumwacha mkewe akwame.

Roho ilimuuma Mpambaji kwa namna asiyoweza kuieleza. Angemwona mwanamke mwenye maringo, angejua la kufanya. Huyu alikuwa mpole. Huyu alimpenda, akamngojea kila mchana, akaulizia kama amekula. Dada alipompigia kutaka umbea, Mpambaji hakuwa na la kusema ila kwamba mke mwenza ni mtu mzuri sana.

"Umelogwa," dada akasema.

"Sijui, dada. Kweli sijui tena nilienda kutafuta nini."

Keshoye akavunja kanuni. Walikuwa wawili tu, kando ya mto.

"Unampenda Radi?" akaandika.

Jibu lilichelewa, kama yalivyochelewa majibu yote ya Malkia.

"kuliko roho yangu. ndiye niliyebaki naye."

"Na yeye?"

"hachoki kuniita."

Mpambaji aliweka simu mezani, akafuta macho kwa mkono wa aproni, unga ukampaka usoni. Akavua pete, akaiweka kwenye kisahani cha lulu za sukari. Kisha akaandika yale aliyotaka mwanamke yule peke yake ayasome:

"Malkia, mimi ni mchumba wa Radi Kavu. Pete hii alinivisha yeye. Nilikuja kukuchukia, nimekupenda, na sasa sielewi hata najisikiaje. Niambie ukweli. Kama ni wako, leo namrudishia pete yake."

Akatuma. Kisha majibu yakaanza kumiminika:

"Sukari, umeandika kwa kikosi kizima."

"Kwani Sukari si kaka?"

"Radi, kimbia."

Malkia Umande alisimama tu kando ya mto. Na simu ikaita. Fundi.

"Sukari Guru ni wewe?"

"Ni mimi."

"Yule mwenye ndevu?"

"Usibadilishe mada. Ni nani huyo?"

Alisikia pumzi zake, na nyuma yake mlio wa friji ya mtu mwingine.

"Mpenzi, nikifungua mdomo nitakuwa nimemvunjia heshima mtu ambaye hana kingine kilichobaki. Nakuomba..."

"Basi pete yako iko dukani, kwenye kisahani. Uje uichukue."

Akakata.  Kioo cha simu kikarudi kwenye gemu, na pale, kutoka kwa Malkia Umande, ulikuwepo ujumbe wa sauti. Hakuwahi kutuma sauti hata mara moja. Mpambaji akabonyeza, akiwa tayari kuisikia sauti ya mwanamke aliyemnyang'anya usingizi.

Kwanza ilikuja pumzi ndefu. Kisha sauti nzito ya mwanamume mzee, maneno yakitoka kwa kuburutwa, moja moja:

"Mkwe... wangu. Ni... mimi. Baba yake. Njoo... nyumbani."

Mpambaji aliifikia nyumba kwa kuuliza njiani, maana nusu ya mji ilimjua mwalimu; Fundi ndiye aliyemfungulia geti, macho mekundu. Alimweleza yote pale pale, wamesimama kando ya gari la kufundishia lililofunikwa turubai. Mzee alipigwa kiharusi muda mfupi kabla hawajachumbiana. Upande mmoja uliganda, ulimi ukawa mzito, na mwalimu aliyeishi kwa kusema akaanza kukimbia wageni. Daktari wa mazoezi alitaka vidole vichezeshwe, Fundi akamwekea gemu. Mzee naye kwa ugeni wake alibonyeza vibaya, akatoka malkia mwenye joho. Vidole vilikuwa vizito, kila mara anakwama na kufa, na njia pekee ya kumvuta ilikuwa kile kitufe. Ndiyo maana wakafunga ndoa.

"Aliniapisha," Fundi akasema. "Alitaka umkute anasema karibu bila kukatika. Anafanya mazoezi ya neno hilo kila asubuhi."

"Na mimi ulinivisha pete."

"Najua."

"Ungeniambia ningengoja hata miaka. Nilikuwa naachwa, Fundi. Kila siku nilikuwa najiona naachwa, na sijui kosa langu."

"Nisamehe. Nilidhani namlinda mmoja, kumbe nawaumiza wawili."

 Mpambaji alimpita, akaingia ndani.

Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevalishwa shati la kupigwa pasi, simu imeegemezwa kwenye mto juu ya mapaja. Pembe moja ya mdomo ilikuwa imelegea. Alipomwona akageuza uso ukutani, kisha akajilazimisha kuurudisha.

"Shikamoo, baba."

"Ma... ra..." Neno likamkatikia. Akajaribu tena, shingo ikamkaza, likakataa. Akaacha, akainamia simu, kidole gumba kikaanza kutafuta herufi. Simu ya Mpambaji ikatetemeka mkononi.

"nilitaka unikute nasema. mwalimu gani hawezi hata kumkaribisha mkwe."

Mpambaji aliisoma. Machozi yakamtoka, na safari hii hakuyazuia. Akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mzee mkono ule uliolegea.

"Baba, siku ile nilizunguka kijiji kizima nasema na watu, hakuna aliyenijibu. Nilidhani wananidharau, kumbe nimekufa. Wewe ndiye uliyenijibu. Karibu gani tena nyingine ninayoitaka?"

Mzee akafumba macho. Mkono wake mzima ukampapasa kichwani, kwa shida, kama anavyopapaswa mtoto.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, pete mkononi. Alikuwa ameipitia dukani. Hakuthubutu kusogea. Ndipo simu zote zikalia kwa pamoja, tangazo likapita kwa kikosi kizima:

"Malkia Umande amevunja ndoa yake na Radi Kavu."

"Mzee," Fundi akashtuka, "umebonyeza vibaya?"

Mzee akatikisa kichwa. Kidole gumba kikaanza safari yake polepole.

"vidole vyangu sasa vinatosha. mwite yeye. ndiye anayepotea."

Fundi akasogea, akapiga goti kando ya Mpambaji, akaacha pete juu ya kiganja chake kilicho wazi. Kwa mkono mwingine akabonyeza simu. Kwenye simu ya Mpambaji yakatokea maneno ya dhahabu: Radi Kavu anakuposa. Chini yake vitufe viwili.

Mpambaji aliona ukungu mtupu kwa machozi. Akabonyeza.

"Sukari Guru amekataa," gemu likatangaza.

"Pole, Radi," mmoja wa kikosi akaandika.

Hapo sauti ikatoka kwenye kiti, ya kukwaruza, ikapanda, ikajaza chumba. Mzee alikuwa anacheka. Fundi alimgeukia baba yake mdomo wazi, maana hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu ugonjwa uingie ndani ya nyumba ile. Mzee alicheka hadi akafutwa machozi, kisha akainua kidole cha mwalimu wa udereva, akamwelekezea mkwewe.

"Ta... zama," akasema. "Kioo. Kwanza."

Mpambaji akafuta macho. Akamtazama mzee, akamtazama Fundi kwa muda mrefu mpaka Fundi akainamisha kichwa, akaichukua pete kiganjani mwake na kuivaa mwenyewe. Posa ilipokuja mara ya pili, akasoma kila neno kabla ya kugusa chochote.

Fundi akabonyeza Mwite Mwenza, na kule darajani, ubavuni mwa Radi Kavu, akatokea mwanamume mfupi mwenye ndevu.